Diski Iliyofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Jasinta ameniomba niwaandikie. Huyo mnayemwita bosi hapo karakana yetu ya Bukoba, mimi nilimpokea hajui hata kushika bisibisi, kwa hiyo yeye hawezi kunitisha na mimi siwezi kumkatalia. Amesema, "Ta Deo, waandikie vijana namna ya kufuta diski, wanafanya ovyo ovyo." Haya, nitaandika. Ila nitaandika kama ninavyoongea, na asiyetaka maneno ya mzee arudi kwenye simu yake.

Jambo moja mlijue mapema, msije mkasema niliwaficha. Nimefuta diski nyingi mno katika maisha yangu, na ile niliyoifuta vizuri kuliko zote ilikuwa na sauti ya mke wangu. Nilikuwa nimemuuliza swali moja akiwa kitandani anaumwa, naye akaniachia jibu humo. Sikulisikia. Tangu hapo nikizungumza habari za kufuta, natoka nje ya njia, mnivumilie.

Nyie mkifuta faili mnaangalia kile kikapu cha taka kwenye kioo, mnakiona kitupu, mnaridhika. Hamjafuta kitu. Mmeng'oa jina mlangoni tu, mwenye nyumba bado amekaa ndani anamenya ndizi. Kufomati kwa haraka nako ni hivyo hivyo, umeng'oa majina ya mtaa mzima na watu wote wamo majumbani mwao. Atakuja mwingine na programu ya kurudisha, atapiga hodi, wataitika. Kufuta kweli ni kuandika sifuri juu ya kila kitu, kuanzia mwanzo wa diski mpaka mwisho wake, halafu unarudi unasoma tena kuhakikisha hakuna kilichobaki. Wengi wenu mnaruka hiyo hatua ya mwisho. Kwangu mimi, asiyehakikisha hajafuta.

Nilijifunza kwa aibu. Zahanati moja ya kijijini ilituletea kompyuta zake za zamani tuzisafishe kabla hazijauzwa. Nikazifomati kwa haraka, dakika chache kila moja, nikajiona mtu. Moja ikanunuliwa na Bwana Masatu, mchuuzi wa samaki kutoka visiwani huko Muleba. Baadaye akapoteza picha zake kwenye ile mashine, akatafuta mtu wa kumrudishia, na programu ya yule mtu ikarudisha picha za Masatu pamoja na mafaili ya zahanati. Siku moja namwona anaingia karakana na mashine begani, ananukia dagaa, akaiweka mezani taratibu.

"Fundi," akasema, "hii mashine inamjua shemeji yangu kuliko ninavyomjua mimi."

"Inasemaje?" nikauliza, kijinga kabisa.

"Ugonjwa wake wote. Mimi sikutaka kuujua. Sasa nikikaa naye kula nitajifanya sijui mpaka lini?"

Hakugomba. Angegomba ningepata nafuu.

Mwenye karakana wakati huo alikuwa Ta Alfonsi, marehemu sasa, aliyenifundisha kazi. Yeye alianza na taipureta, kabla kompyuta haijafika kwetu. Masatu alipoondoka nilingoja nitukanwe. Ta Alfonsi akanichukua uani, akatoa kwenye boksi utepe wa kaboni wa taipureta ya zamani, akaunyoosha mbele ya jua akaniambia nisome. Nikaona herufi, moja baada ya nyingine, barua nzima ya mtu ikiwa imekaa pale kwenye utepe. Nilipofika mstari wa pili akaninyang'anya akauchoma.

"Sijui ilikuwa ya nani," akasema, "na wewe usitake kujua. Mashine haisahau, Deo. Anayesahau ni mtu. Kwa hiyo sisi tunaisahaulisha, na tunapoisahaulisha hatuchungulii."

Hiyo ikawa sheria ya karakana. Diski ikija kufutwa haifunguliwi, haisomwi, hata picha moja. Mteja anatupa siri zake kama anavyompa padre, tofauti ni kwamba padre anazisikia. Sheria nzuri sana, na hata leo naitetea, ingawa mtaona ilichonifanyia.

Tukaanza kufuta kwa sifuri. Ta Alfonsi alikuwa Mkatoliki wa kupitiliza, akaamua kila diski ifutwe mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikaja kusoma mahali kwamba kwa diski ya sahani inayozunguka mara moja inatosha, ukifanya kwa ukamilifu. Nikamwambia. Akaniuliza kama na mimi nilibatizwa kwa nusu. Tukaendelea na tatu mpaka alipofariki akaniachia karakana, ndipo nikapunguza, nikiwa na wasiwasi kwamba ananiona.

Sasa niwaeleze habari ya kamba, maana Jasinta ameniambia siku hizi hamzitumii, na mimi ndiye niliyemwambia aziache. Stika zilikuwa zinatusumbua. Vumbi na joto vinazibandua, unakuta diski kumi mezani na stika tano sakafuni. Wino wa makapeni ulifutika kwa jasho la mikono. Basi asubuhi moja Ta Alfonsi akaja na tita la kamba kavu za mgomba kutoka kwenye kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani kwake. Diski ya kufutwa inafungwa kamba, isiyo na kamba haiguswi. Basi. Hata wateja wa Muleba niliwafundisha, wakawa wananikabidhi diski zimeshafungwa tayari. Ikatufaa miaka na miaka bila kosa hata moja.

Lakini fikirini kidogo. Kwetu nani hafungi kitu kwa kamba ya mgomba? Kuku unayempelekea mkwe, maharage, kuni, kahawa, chochote unachotaka kifike salama kwa mtu wako unakifunga kwa kamba ya mgomba. Sisi mafundi wawili, na akili zetu zote, tukaichukua alama hiyo tukaifanya alama ya kuua. Haikutupitia akilini.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Muleba, na nyumbani kwetu ni huko, kwenye kibanja alichoniachia baba. Nilimwita Mwalimu, naye aliniita Fundi. Mimi Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa Bukoba, nimepanga chumba mtaa wa Nshambya, yeye akabaki na mtoto wetu Kemi, na migomba, na madaftari ya kusahihisha. Kila Jumatatu kabla ya basi alinifungia chakula cha njiani, ndizi na maharage ndani ya jani la mgomba, juu kamba. Mimi ni wa mashoto. Tena mikono yangu ni mikubwa na haina subira, fundo la kawaida nalikata kwa meno. Kwa hiyo alinifungia fundo la kuvuta, lenye mkia umetokeza upande wa kushoto, nikivuta mara moja linafunguka lote. Abiria wenzangu walikuwa wananitania. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana wewe umeoa, sisi tunaishi na watu tu." Nikacheka naye, nikafungua, nikala. Zamani zile niliona ni chakula tu.

Leo natamani Jumatatu kama ile. Siombi nyingi, moja tu inatosha, hata yenye mvua.

Nirudi kwenye kazi. Umeme ukikatika wakati diski inafutwa, usiseme tuendelee ulipoishia. Unaanza upya. Huwezi kujua kwa uhakika mashine ilikuwa inaandika wapi iliposhtuka, na kwetu huku radi haziombi ruhusa. Nunueni betri ya akiba. Sisi miaka ile hatukuwa nayo, na kukosa betri kulinigharimu kitu ambacho hakinunuliki dukani.

Mama mkwe wangu alifariki siku ya kazi. Maziko yalikuwa kesho yake saa nane mchana, kijijini kwao, si mbali na Muleba mjini. Mimi nilikuwa na diski za ofisi moja, mafaili ya kesi za viwanja vya watu, na mashine zake zilikuwa zinakwenda kuuzwa mchana ule ule. Nikajipigia hesabu ya saa: nitamaliza asubuhi, nitapanda gari, nitafika. Umeme ukakatika. Nikaanza upya. Ukakatika tena. Ta Alfonsi akaniambia, "Nenda, Deo, hizi nitazimaliza mimi." Nikakataa. Nilikuwa nimeapa tangu ile aibu ya Masatu kwamba diski niliyoianza naimaliza mwenyewe. Ubishi wangu huo, mnaujua. Nilipofika msibani udongo ulikuwa umeshasawazishwa, na watu wananawa mikono.

Nyie wa siku hizi labda mtaona ni jambo dogo. Kwetu mkwe asipoonekana kwenye kaburi la mama mkwe, watu hawasemi, wanakutazama tu. Mwalimu hakunisema wala hakuninunia. Jumatatu alinifungia chakula changu kama kawaida, na kila mwaka wa ndoa yetu baada ya hapo niliishi bila kujua kama ule ukimya ulikuwa msamaha au ulikuwa mlango uliofungwa.

Nilimuuliza mara moja tu, akiwa amelazwa, miaka mingi baadaye. Nimemshika mkono, umebaki mifupa. Nikasema, "Mwalimu, ile siku ya mama. Ulinisamehe?"

Akatabasamu namna alivyokuwa akimtabasamia mwanafunzi aliyechelewa kuleta daftari.

"Fundi, umekaa na swali hilo miaka yote hii?"

"Nimekaa nalo."

"Basi na mimi nipe nafasi ya kulijibu vizuri. Usinikimbize."

Sikumkimbiza. Alikaa wiki mbili nyingine, akaenda zake. Nikajua jibu limekwenda naye.

Tulimzika kibanjani. Matanga yalipokwisha watu wakatawanyika, Kemi akarudi Mwanza anakofanya kazi, nyumba ikawa na mwangwi. Nikaona bora nirudi karakana. Nikapanda basi bila chakula cha njiani, nikafika, nikaufungua ule mkoba wangu wa turubai niliokuwa nabebea diski kutoka Muleba. Ndani kulikuwa na diski moja ya nje pamoja na waya wake, imefungwa kamba ya mgomba.

Nisikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo penye somo lenyewe. Karakana ilikuwa na daftari, na kila diski ya kufutwa namba yake iliandikwa humo siku inapopokelewa. Nilitazama. Namba ya diski ile haikuwemo. Sheria inasema namba isipokuwemo unaweka vifaa chini, unauliza. Mimi nikajiambia kwamba niliipokea Muleba wakati nahangaika na hospitali, nikasahau kuiandika. Nikachukua kalamu, nikaiandika mwenyewe. Kosa langu lote ni huo mstari mmoja, na mwandiko ni wangu.

Sikuifungua kuchungulia kilichomo, kwa sababu hatuchungulii. Kamba niliipitisha kwenye kona ya diski ikateleza ikatoka bila hata kufungua fundo, nikaitupa kwenye boksi la kamba, maana kamba nzuri tulikuwa tunazitumia tena. Nikachomeka. Nikaanza sifuri. Saa nne nzima nilikaa nayo, diski inanguruma taratibu mkononi, na nakumbuka ilinituliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimekaa bila kulia. Ilipofika mwisho nikahakikisha mwanzo, katikati na mwisho. Safi. Nikajisifu kidogo kwamba msiba haukuniharibia mkono.

Jumapili iliyofuata Kemi akapiga simu.

"Tata, umeshaisikiliza?"

"Nini?"

"Diski ya Mama. Nilikuwekea kwenye mkoba wako wa kazi, kama alivyoniagiza. Alisema huko ndiko utakapoikuta, maana mkoba huo hukosi kuufungua."

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema mama yake aliazima laptopu yake siku tatu mfululizo pale hospitali, nikiwa nimetoka kwenda kula, na kila mara alimtoa nje. Alimwambia ni maneno ya mume wake. Alipomaliza akamwamuru ayahamishie kwenye diski na asibakize kitu kwenye laptopu, maneno ya mke na mume hayakai kwenye mashine ya mtoto. Kisha akaagiza kamba kutoka nyumbani, akaifunga diski kwa mikono yake mwenyewe akiwa ameegemea mto. Alama yetu ya karakana hakuijua, sikuwahi kumsimulia.

"Tata? Upo?"

"Nipo."

"Alisema ni jibu la swali lako. Swali gani?"

Nikamwambia mwanangu nilichofanya. Nikasikia analia, na mimi nikalia, kila mtu na simu yake.

Mtauliza kama nilijaribu kuirudisha. Nilijaribu wiki nzima, kila programu niliyokuwa nayo na nyingine za kuazima. Sifuri. Nilikuwa natafuta kosa langu, sehemu ndogo tu niliyoiruka, na sikuiona. Ndugu zangu, kama ningekuwa yule Deo mvivu wa zahanati, anayefomati dakika mbili akaenda kunywa chai, leo hii ningekuwa na sauti ya mke wangu. Nikasafiri mpaka Mwanza kwa laptopu ya Kemi. Ile ilikuwa na diski ya kisasa, ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka. Na hizo mzijue: ukifuta faili yenyewe inajisafisha kimya kimya baada ya muda, hupati hata vumbi. Ila mkitaka kuisafisha nzima ili muiuze, msihangaike kuandika sifuri, kwa sababu ina vyumba vya akiba ambavyo sifuri zenu hazifiki. Tumieni ile amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji, halafu mhakikishe. Nilijifunza hayo yote mezani kwa binti yangu, naye anaosha vyombo ili nisione uso wake. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, na haikunisaidia chochote.

Niliporudi Bukoba nilikwenda moja kwa moja kwenye lile boksi la kamba. Jasinta alikuwepo, akadhani nimechanganyikiwa. Nikalimwaga lote mezani. Kamba zetu sisi mafundi zilijulikana, zimekazwa kwa nguvu, au zimekatwa kwa wembe na kubaki vipande. Nikazipitia moja moja. Jasinta akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nikikiona nitamwambia.

Niliiona karibu na mwisho. Bado ilikuwa duara, kama ilivyotoka kwenye kona ya diski. Fundo la kuvuta, dogo, halikukazwa sana, la mikono isiyo na nguvu. Mkia wake umetokeza upande wa kushoto.

Nilikaa chini. Jasinta alinipa maji, akangoja, kisha nikamweleza yote. Ndiyo siku niliyomwambia aondoe kamba kwenye karakana, na miezi michache baadaye nikamkabidhi funguo nikaja nyumbani Muleba. Ninyi andikeni namba. Namba isipokuwemo daftarini, ulizeni, hata kama ni saa ya kufunga, hata kama mteja anafoka, hata kama mmetoka msibani na mnataka tu kitu cha kushika. Na kabla hamjaiondoa kamba au mfuko au kitambaa kwenye kitu cha mtu, tazameni kwanza kimefungwaje.

Maneno aliyoyasema kwa siku tatu siyajui. Labda mengine yalikuwa makali, alikuwa mwalimu. Lakini nafahamu kwamba mtu asiye na nguvu ya kushika kikombe alikumbuka mkono ninaotumia, na nimeamua hilo lilikuwa sentensi ya kwanza ya jibu. Kamba iko hapa mezani ninapoandika. Nikiuvuta mkia fundo litafunguka lote mara moja, kama alivyokusudia, na halitakuwepo tena. Bado sijauvuta.